Daftari la nyimbo za mwaka 1987: maneno yapo, melodi zimepotea

Mwana wa Katuba (Lubumbashi)

Ninawasalimu nyote. Nina umri wa miaka 58 na ninaishi Katuba, katika nyumba aliyoiacha marehemu baba yangu. Kuanzia mwaka 1986 hadi 1991 nilikuwa na kikundi kidogo cha muziki pamoja na rafiki yangu mmoja ambaye sasa ni marehemu. Hatukujulikana nje ya mtaa wala hatukuingia studio. Tulipiga kwenye arusi, tulikesha na watu kwenye vilio, na siku za Jumamosi tulipanda jukwaa la mbao la baa moja ya Kenya (ninasema komini ya Kenya ya hapa Lubumbashi, wala si nchi). Uporaji wa mwaka 1991 ulipopita, gita langu liliondoka pamoja na redio na kaseti zote tulizojirekodia wenyewe. Baadaye nilioa, nikaajiriwa kwenye bohari, nikahesabu mapipa na magunia kwa miaka 27, na muziki ukaniacha polepole bila mimi kuamua siku yoyote kwamba ninauacha.

Mwezi uliopita, tulipokuwa tunabadilisha mabati yaliyooza, mke wangu alishusha sanduku lililokuwa juu ya kabati. Ndani yake kulikuwa na daftari moja lenye nyimbo 34, mwandiko wangu na wa marehemu ukipokezana, mara nyingine ndani ya ubeti mmoja. Juu ya baadhi ya mistari tuliandika la, re, mi, yaani akodi za gita. Melodi hatukuziandika, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua noti, na kwa sababu mtu wa miaka 20 hawazii kwamba anaweza kuusahau wimbo wake mwenyewe. Nimekaa na daftari hilo usiku kadhaa. Nyimbo tatu ninazikumbuka zote, sita zinanijia nusunusu, na zile 25 zilizobaki ninazisoma kama barua aliyoandikiwa mtu mwingine.

Nimenunua gita la mtumba, na maswali yangu yanafungamana. Vidole vimekakamaa, na kile cha kati cha mkono wa kushoto kiliwahi kubanwa na pipa. Sauti, ambayo zamani ilipanda bila kusukumwa, sasa inapasuka kwenye kiitikio. Je, kuna njia ya kuzirudisha melodi ambazo hazimo katika kaseti wala noti, au niyachukue maneno na kuyatungia melodi mpya? Tena, nyimbo nyingi ziko katika Kiswahili cha hapa kwetu, kile cha «natoka ku kazi» na «batoto banalala», na chache ziko katika Kibemba na Kiluba. Mwanangu, ambaye ni mwalimu, ananishauri niyageuze yote yawe Kiswahili sanifu kabla sijamwimbia mtu. Naomba mawazo ya wale waliowahi kurudi kwenye utunzi baada ya kukaa nje yake miaka mingi.

Gumba na Shahada (Lubumbashi)

Ndugu yangu, mimi ni wa Kamalondo, nina miaka 63, nami niliacha gita kwa miaka 19 kabla ya kulishika tena. Nitajibu kuhusu mkono, kwa sababu hapo ndipo wengi wa rika letu hukata tamaa mapema, wakidhani tatizo ni umri kumbe tatizo ni gita. Tazama umbali uliopo kati ya nyuzi na shingo, pale kwenye chuma cha 12 kati ya vile vyuma vilivyolala juu ya shingo. Magita mengi ya mtumba shingo zake zimejipinda, nyuzi zimepaa, na hata kijana wa miaka 18 angeumia akizibonyeza. Fundi anayeijua kazi yake atazishusha kwa kupunguza kidogo kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya tumbo la gita. Fanya hivyo kabla hujakilaumu kidole chako.

Jambo la pili ndilo ninalolipenda zaidi: shusha gita zima kwa toni moja. Badala ya mi, la, re, sol, si, mi, ukianzia uzi mnene hadi mwembamba, uwe na re, sol, do, fa, la, re. Nyuzi zitalegea, kwa hiyo mkono wa kushoto utabonyeza kwa nguvu ndogo zaidi, na papo hapo wimbo mzima utashuka toni moja bila wewe kubadilisha hata akodi moja iliyoandikwa kwenye daftari. Utakuwa umetibu vidole na koo kwa dawa ileile.

Kuhusu mkono wa kulia, kumbuka uko mji gani. Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, aliyezaliwa mwaka 1930 na kurekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo tunaiita Likasi, alipiga kwa vidole viwili: gumba likishika besi, na shahada ikicheza melodi juu yake. Wapigaji wa Ulaya na Marekani bado wanatoka jasho wakijaribu kumfuata. Mtindo huo hauhitaji wepesi wa vidole vyote. Unahitaji gumba lisilokimbia, na mtu aliyehesabu mapipa kwa miaka 27 anajua kutokimbia. Mwenda mwenyewe alirekodi tena huko Cape Town mwaka 1988, akiwa na umri ulio nao wewe leo, miaka miwili kabla ya ajali ya gari iliyomuua. Sikiliza rekodi hizo za uzeeni kabla ya zile za ujanani. Utasikia mtu asiyejaribu kuwa kijana.

Piga dakika 15 asubuhi na 15 jioni, usizidishe. Sugu za ncha za vidole zitarudi baada ya wiki chache. Lakini maumivu yakiwa ndani ya kiungo na si kwenye ngozi, weka gita chini siku hiyo, hasa kwa kile kidole kilichobanwa.

Mama wa Kwaya (Bukavu)

Papa wa Katuba, pokea salamu kutoka Ibanda. Nimeongoza kwaya kwa muda mrefu, na swali lako kuhusu melodi zilizopotea limenigusa kuliko hayo mengine, kwa sababu ninaamini kwamba baadhi yake hazijapotea. Umezitafuta kichwani mwako, na kichwa kimechoka. Zitafute ndani ya lugha.

Anza na zile chache za Kiluba na Kibemba, ambazo pengine ulitaka kuziacha mwisho. Hizo ni lugha za toni: kupanda na kushuka kwa sauti juu ya silabi ni sehemu ya neno lenyewe, kama ilivyo herufi. Mtunzi anayezitumia hana uhuru wote. Akiipandisha melodi mahali ambapo neno linashuka, msikilizaji anaweza kusikia neno lingine, au akabaki anajiuliza umesema nini. Sisi wa kwaya tunalijua jambo hili kwa uchungu, kwa maana melodi nyingi za Ulaya zilibebeshwa maneno ya lugha zetu bila kuuliza toni, na wazee walikuwa wakiinama kuficha kicheko kanisani. Ninyi wawili mlikuwa vijana mliozaliwa ndani ya lugha hizo, hivyo bila shaka mlizifuata toni bila kujua kwamba mnazifuata. Mtafute mtu aliyekua akizungumza Kiluba, mpe ukurasa, mwombe ausome polepole kama anayemwambia jirani habari, na umrekodi kwa simu. Kisha sikiliza rekodi hiyo huku ukishika zile akodi zilizoandikwa. Haitakupa melodi nzima, kwa sababu lugha inakuambia panda au shuka, haikuambii kwa kiasi gani. Lakini mara nyingi hatua tatu za kwanza zikikaa mahali pake, zilizobaki hujileta zenyewe.

Kiswahili ni kazi nyingine, kwa sababu hakina toni za namna hiyo. Kina mkazo, nao huanguka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo maneno ya Kiswahili yatakurudishia mdundo, yaani mahali pa pigo zito na mahali pa noti ndefu, wala hayatakurudishia kupanda na kushuka. Piga meza kwa kiganja huku ukisoma, na uone kiganja kinaanguka wapi.

Hapo ndipo nitakapompinga mwalimu wako, kwa heshima zote. Chukua mfano ulioutaja mwenyewe. «Ku kazi» ina silabi tatu, na mkazo uko kwenye ya pili. «Kazini» nayo ina silabi tatu, na mkazo uko kwenye ya pili. Kwa hesabu, hakuna kilichoharibika. Sasa viimbe. Katika «ku kazi» noti ndefu inakaa juu ya «a», mdomo umefunguka, na sauti iliyochoka inaweza kupumzika pale. Katika «kazini» noti hiyohiyo inakaa juu ya «i», koo linajibana, na mahali pa juu ndipo itakapopasuka. Kwingine mambo hugeuka: ukiondoa «mu nyumba» na kuweka «nyumbani», utatoka kwenye «u» na kupata «a», na pengine utafaidika. Maana yangu ni kwamba uamuzi huo hufanywa na mdomo, mstari kwa mstari, wala si kwa kitabu cha sarufi. Nami sisemi hivyo kwa kuwa ninadharau Kiswahili sanifu; ninakiandika hapa kama unavyoona. Ninasema tu kwamba mtu anayerudi nyumbani saa 12 jioni huko Katuba anatoka ku kazi.

Kuhusu sauti yako, kano za koo hupungua unyumbufu, pumzi nayo hupungua, na hilo halina siri. Imba kwanza mdomo ukiwa umefungwa kwa dakika tano, kunywa maji, anza na wimbo wa chini. Mstari ambao kijana wa miaka 20 aliumaliza kwa pumzi moja, ukate mara mbili, na pale katikati gita lijibu. Wengi huona aibu kuukata, lakini mimi nimeona nyimbo zikipendeza zaidi kwa sababu ya kile kimya.

Kijana wa Himbi (Goma)

Papa, nakusalimu kwa heshima. Nina miaka 26, na ninarekodi wasanii chumbani kwangu, umeme ukiwapo. Naomba kutokubaliana kidogo na wakubwa waliotangulia. Wote wanakusaidia kurudi mwaka 1987, ilhali wewe hukuuliza namna ya kurudi huko. Uliuliza namna ya kurudi kwenye utunzi. Daftari la mtu wa miaka 20 lilitungwa na mtu wa miaka 20. Kati ya nyimbo 34, ni ngapi zinazomlilia msichana aliyekataa kucheza? Mimi ningesafiri mbali kumsikiliza mtu aliyehesabu mapipa kwa miaka 27 akiimba juu ya mapipa, maana huku kwetu hakuna anayeandika wimbo kama huo. Lifunge daftari kwa miezi mitatu, andika nyimbo mpya mbili tu, kisha ulifungue.

Ukitaka kujirekodi kwa simu, usiielekeze kwenye tundu la gita, kwani sauti itanguruma. Ielekeze pale shingo inapoungana na tumbo, umbali wa mkono mmoja hivi, ndani ya chumba chenye nguo nyingi na magodoro, wakati jenereta za majirani zimezimwa. Kabati la nguo lililofunguliwa ni studio ya kutosha.

Gumba na Shahada (Lubumbashi)

Kijana wa Himbi, umesema vizuri kuhusu mapipa, na nitakuunga mkono hapo. Lakini «funga daftari» ni ushauri wa mtu ambaye hajawahi kulifungua la kwake baada ya miaka 30. Wendo Kolosoy, mwimbaji wa rumba wa Kongo, aliacha muziki katika miaka ya 1960, akakaa kimya kwa takriban miaka 30, na aliporudi katika miaka ya 1990 hakuificha rumba ya ujana wake wala hakuitengeneza ifanane na muziki wa vijana wa wakati huo. Alikuwa amezaliwa mwaka 1925. Aliimba kwa sauti ya mzee, na nyimbo zilezile zikawa na uzito ambao hazikuwa nao alipokuwa fundi wa mashua. Kwa hiyo wimbo wa kijana unaweza kuwa wa mzee bila kubadilishwa neno hata moja. Inategemea wimbo.

Mwana wa Katuba (Lubumbashi)

Asanteni sana. Kijana wa Himbi, nimehesabu kama ulivyoniuliza: nyimbo 11 zinamlilia msichana, na saba kati ya hizo ni msichana mmoja, ambaye si mke wangu. Mke wangu amezisoma zote, akasema marehemu ndiye aliyekuwa anajua kuandika, mimi nilikuwa ninajua kulia.

Karani Mstaafu (Likasi)

Jambo moja mmelipita bila kulitazama. Ndugu yetu ameandika kwamba miandiko miwili inapokezana ndani ya ubeti mmoja. Hiyo ni kazi ya pamoja, na kwa sheria ya nchi yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 inayolinda haki za watunzi, kazi ya pamoja ni mali ya wote walioitunga. Tena haki za mtunzi hazifi naye, bali zinaendelea kwa warithi wake kwa miaka 50. Ukiimba nyumbani kwako, hakuna atakayekuuliza. Ukirekodi na kusambaza, hata kwa kuweka kwenye intaneti bila kutafuta faranga moja, ni lazima familia ya marehemu iwe imekubali na jina lake liwe limetajwa. Ninawashauri mwandike karatasi moja, mkiwa pamoja na shahidi, inayotaja kila wimbo na nani aliandika nini. Nimeona familia zilizokosana kwa vitu vidogo kuliko daftari.

Mwana wa Katuba (Lubumbashi)

Ninarudi baada ya wiki tano, kwa kuwa si adabu kupokea ushauri na kunyamaza.

Nyuzi zilishushwa na fundi wa Kenya, na gita sasa linabonyezeka. Njia ya Mama wa Kwaya nimeijaribu kwa nyimbo nne za Kiluba. Nilimwomba shangazi yangu mwenye miaka 80 asome, naye kwanza alikataa kusoma, akataka kujua kwa nini tuliandika upuuzi huo wakati tulikuwa na wazazi. Aliposoma hatimaye, wimbo mmoja ulirudi nikiwa bado nimeshika simu. Sikuhitaji hata kusikiliza rekodi. Wa pili ulirudi kwenye kiitikio peke yake. Mbili hazijarudi.

Maneno ya Karani Mstaafu ndiyo yaliyonipeleka mbali zaidi. Nilikwenda Kipushi kumwona mjane wa marehemu, ambaye sikuwa nimemtembelea tangu kilio cha mumewe, na ninaandika hivyo kwa aibu. Nilimpa daftari. Alilishika kwa muda mrefu bila kulifungua, akaniuliza kama nimekula. Baada ya bukari, yaani ugali wa huku kwetu, alilifungua, na kwenye ukurasa wa tisa akaanza kuimba polepole wimbo ambao mimi nilidhani ninaukumbuka wote, mmoja wa zile nyimbo tatu. Melodi yake si yangu. Mwanzo unafanana, lakini pale ninaposhuka mimi, yeye anapanda, na anasema hivyo ndivyo mumewe alivyowaimbia watoto kila jioni kwa miaka mingi. Nilimwambia kwamba kwenye baa tulikuwa tunashuka. Akanijibu: «Kwenye baa alikuwa anaimba nawe, nyumbani alikuwa anaimba wimbo wake.»

Sijui marehemu aliubadilisha baadaye, au mimi ndiye niliyeusahau nikajitungia mwingine na kuuita kumbukumbu. Tumekubaliana na mjane kuwa tutaurekodi mara mbili, kwa melodi zote mbili, na jina la marehemu likitangulia. Bintiye mkubwa ataimba ule wa mama yake, kwa sababu unapanda mahali ambapo mimi siwezi kufika. Ameijua melodi hiyo tangu utotoni, ila maneno yaliyoandikwa hakuwahi kuyaona, na alikuwa akiimba mstari wa tatu kwa maneno mengine kabisa, ambayo mimi ninayaona mazuri kuliko yetu. Karatasi tumeiandika, na yeye ametajwa kwa mstari huo.

Kiswahili cha hapa tumekiacha kama kilivyo, isipokuwa mahali pawili ambapo mdomo ulikataa. Wimbo wa mapipa nao nimeuanza. Una beti mbili, na sijui bado kama ni wimbo au ni orodha ya bohari.

Swali moja kwa Gumba na Shahada. Tangu nishushe gita kwa toni moja, uzi mnene, ule wa mi ambao sasa ni re, unagonga vyuma vya shingo na kutoa mlio wa nyuki kila gumba langu linapotia nguvu. Jumapili tunarekodi Kipushi. Nifanye nini?

Gumba na Shahada (Lubumbashi)

Nyuzi zako ni nyembamba mno kwa mshusho huo, na nadhani fundi aliziteremsha akifikiria kwamba zitakazwa kama kawaida. Ukipata uzi mnene zaidi kabla ya Jumapili, badilisha huo mmoja tu. Usipoupata, pandisha gita zima nusu toni, na gumba uliweke karibu zaidi na tundu, lisivute uzi bali liupitie. Binti wa marehemu afanye mazoezi katika toni hiyo mpya kuanzia leo, asije akaikuta siku ya kurekodi.